Maswali Yenu: Kontena la msaada, sadaka ya marehemu mama na vidonge vya bure

Pesa ya korosho ikianza kuingia kwenye akaunti za watu basi na meseji zinazokuja huku zinabadilika, wengi wanaacha kuuliza wapate wapi msaada wanaanza kuuliza watoe wapi, na mi kipindi hiki nakipenda sana. Safari hii mengi ni ya zahanati na hospitali. Nimechagua manne, la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana najua vikundi vingi vya wazawa saivi vinavutana kwa ishu hiyohiyo.

Shikamoo dada. Sisi ni kikundi cha WhatsApp cha wazawa wa Newala, tupo Dar, Mtwara na wachache nje. Ndugu yetu mmoja yuko Marekani, kapata hospitali inayobadilisha vifaa na wako tayari kutupa vitanda 20 vya umeme, ultrasaundi, mashine za oksijeni na maboksi ya dawa, vyote bure, sisi tulipie kontena na kutoa mzigo bandarini. Tunataka viende zahanati ya kijijini kwetu. Nusu ya kikundi wanasema tuchange fasta kabla hawajapewa wengine, nusu wanasita. Tufanyeje? – Msomaji, Newala

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kukumbuka nyumbani. Meseji yako nimeisoma natafuta kitu kimoja na sijakiona, mganga mfawidhi wa hiyo zahanati kasemaje? Ndugu wa Marekani yupo, hospitali inayotoa ipo, kontena lipo, bandari ipo, ila nesi anayezalisha wanawake pale kijijini hajaulizwa. Kabla hamjachanga hata mia mpigieni huyo mfawidhi kwanza, nakuomba sana.

Zahanati sio hospitali. Pale watu wanatibiwa na kurudi nyumbani, watoto wanachanjwa, kina mama wanajifungua, na anayelala ni yule wa kupumzishwa tu wakati gari ya rufaa inasubiriwa. Vitanda 20 vya umeme mnavipanga chumba gani? Ultrasaundi nayo inataka mtu aliyesomea kuisoma ile picha, huyo utamkuta hospitali ya wilaya au kituo cha afya, kumkuta zahanati ni bahati. Kwahiyo mashine itafika, itapigwa picha siku ya makabidhiano, halafu itakaa.

Na kuna suala la umeme ambalo watu hawalifikirii mpaka mzigo umeshashushwa. Vifaa vingi vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, yani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde, huku kwetu umeme ni volti 230 na hezi 50. Mtu atawaambia nunueni transfoma, sawa, transfoma inashusha volti lakini hezi haizigusi kabisa, na mashine yenye mota ndani kama hiyo ya oksijeni itazunguka taratibu kuliko ilivyotengenezwa na inapata moto. Niliiona moja kwenye kituo fulani cha ukanda wetu, bado ina nailoni yake, plagi ya pini mbili bapa haijawahi kuingia ukutani hata siku moja, juu yake wamepanga maboksi ya kadi za kliniki na ubavuni kuna stika kubwa yenye majina ya waliotoa. Nesi wa pale akaniambia huwa wanaisogeza siku ya kufagia. Na watoto wenye nimonia wa kituo hichohicho walikuwa wanapakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali ya mkoa kutafuta oksijeni. Roho iliniuma sana, maana waliotoa ile mashine walijinyima kweli na hakuna aliyewaambia.

Na hii sio ya kwetu peke yetu. Kuna utafiti ulichapishwa 2011, wenyewe walikusanya orodha za vifaa tiba zaidi ya laki moja kwenye nchi maskini 16, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Sababu walizotaja ni zilezile tunazozijua, watumiaji hawajafundishwa, hakuna wa kuvitunza na kuvitengeneza, na miundombinu kama umeme inayumba.

Hayo maboksi ya dawa mwambieni ndugu yenu ayaache hukohuko. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mwongozo wa misaada ya dawa tangu 1996, umeshaboreshwa baadaye, unasema dawa iwe ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi inayopokea, inapofika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla haijaisha muda, maandishi yake yawe ya lugha ambayo wahudumu wa huku wanaielewa, na isiwe dawa iliyorudishwa na mgonjwa mwingine wala sampo za bure za madaktari. Na huku TMDA, wale wa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hawawezi kuruhusu dawa iingie tu kwasababu imetolewa kwa moyo mzuri. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 jimbo la Aceh kule Indonesia lilipokea kama tani 4,000 za dawa kwa watu wasiofika milioni 2, nyingi hazikuwa zimeombwa na nyingi zina maandishi ya lugha wasiyoijua, mwisho wake zikatafutwa pesa nyingine za kuziteketeza. Na dawa haichomwi nyuma ya jengo kama takataka, kuiteketeza vizuri ni gharama.

Sasa nikwambie kitu ambacho wewe mzawa wa Newala unakijua kuliko mimi, maji. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde watu wanakinga mvua kwenye visima vya nyumbani, kiangazi kikikaza wananunua kwa ndoo, na zahanati iko kwenye uwanda huohuo na kiangazi hichohicho. Mama analetwa kujifungua usiku wa manane, ndugu yake nyuma kabeba ndoo kichwani, maji hayohayo ndo ya kumwogesha mama, ndo ya kuosha kitanda cha leba, ndo ya nesi kunawa kabla hajamshika mama anayefuata. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 ilisema nusu ya vituo vya afya duniani havina maji na sabuni, au dawa ya kutakasa mikono, pale mgonjwa anapohudumiwa na kule vyooni. Mama akipata maambukizi baada ya kujifungua anaweza kufa na mtoto wake akafa, na kinachozuia ni maji, sabuni na vifaa vilivyochemshwa.

Kwahiyo mi ningekuwa kwenye kikundi chenu ningeanza na tanki. Gata kuzunguka paa lote sio upande mmoja, msingi wa zege ulioinuka ili maji yatembee yenyewe, tanki la lita 10,000 au mawili kama paa ni kubwa, bomba mpaka leba, sinki na koki ya kufungulia kwa kiwiko. Fundi ni wa hapohapo Newala, spea ziko dukani, koki ikiharibika hakuna anayesubiri kitu kutoka nje. Ila hilo nalo ni wazo langu tu, mfawidhi anaweza kuwaambia maji tunayo siku hizi, shida yetu betri za sola zimekufa tunazalisha kwa tochi ya simu, au jokofu la chanjo linasumbua. Basi mnafanya hilo alilosema yeye.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila zahanati ina kamati yake ya usimamizi na wanakijiji wamo, ombeni kikao nao pamoja na mfawidhi na mtendaji wa kijiji, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya apewe taarifa mapema ili mchango wenu usigongane na kitu ambacho halmashauri imeshakiweka kwenye bajeti. Zahanati za serikali zina akaunti zao benki, ndo zinakopokelea hata pesa za serikali kuu siku hizi, kwahiyo mkitaka kutoa pesa ipitie huko ipate risiti. Mkitaka kununua kitu wenyewe, sawa, lakini kiandikwe kwenye leja na fomu ya makabidhiano isainiwe. Na tengeni kidogo kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, hii ndo sehemu vikundi vingi vinaisahau, siku ya kuzindua watu wamejaa, gata ikichomoka baada ya masika mbili hakuna anayejibu kwenye grupu.

Kontena sijasema mlikatae moja kwa moja. Mwambieni ndugu atume orodha yenye aina ya kila kifaa, mwaka wake, volti zake, kama kitabu cha maelekezo kipo na spea zinapatikana wapi, hiyo orodha impate Mganga Mkuu wa Wilaya na fundi vifaa tiba wa mkoa waseme kipi kinahitajika na wapi. Vitanda vya kawaida vya kuzungusha kwa mkono vinaweza kuwa mali kubwa kwenye hospitali ya wilaya. Vikikubalika basi kibali cha TMDA na maombi ya msamaha wa kodi yafanyike kabla meli haijafika, maana storeji bandarini inahesabiwa kwa siku na nimesikia vikundi vimemalizia mchango wote hapo. Na kama hospitali ya huko inawaharakisha kiasi kwamba hamuwezi kupata hata wiki mbili za kuuliza, mi ningeacha.

Asalaam alaykum dada. Mama yetu ametangulia mbele ya haki mwaka huu. Alikuwa mkunga wa jadi, kazalisha nusu ya mtaa wetu. Sisi watoto wake tumejaliwa kukusanya laki tatu tunataka iwe sadaka kwa ajili yake, iende kwa wajawazito. Mjomba anasema laki tatu kwa hospitali ni kitu kidogo mno, bora mikeka ya msikiti. Sio kwamba tunampinga ila moyo wetu uko kwa wajawazito. – Binti yake, Lindi mjini

Waalaykum salaam mdogo wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama na awape subra. Mjomba hajakosea, mikeka ni kheri na thawabu zake zipo, msije mkagombana kwa hili. Mfuateni mkiwa mmetulia mumweleze kwamba laki tatu ikienda mahali sahihi sio ndogo hata kidogo.

Chukua ile CHF iliyoboreshwa, yani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Piga hesabu kwa kiwango hicho, laki tatu ni kaya kumi, yani mpaka watu 60 wana kadi mkononi mwaka mzima, na kwenye hizo kaya mnachagua zenye mjamzito au mtoto mchanga. Ulizieni kwanza ofisi ya halmashauri viwango vya saivi, kwasababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mpangilio, lakini wazo linabaki hilohilo.

Au muende kwenye nauli na vifaa, na hapa ndo naona kama mama yenu angefurahi zaidi maana mkunga anaijua hii shida. Sera inasema mjamzito anahudumiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini stoo ikikauka anaambiwa aje na glavu zake, pamba, mpira wa kutandika, wembe na kibanio cha kitovu, na asiyekuwa navyo anaona aibu, anachelewa kuja au anajifungulia nyumbani. Mnaweza kwenda wodi ya wazazi mkaongea na sista msimamizi, mkamwekea vifurushi kadhaa kwa ajili ya wale wanaokuja mikono mitupu, yeye ndo anawajua.

Kuhusu nauli nikupe mfano mmoja. Upasuaji wa fistula pale hospitali ya CCBRT Dar ni bure, lakini wanawake wengi walikuwa hawafiki, wanakaa na ule mkojo unaovuja miaka, wametengwa, kisa hawana pesa ya basi. Kuanzia 2009 CCBRT wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa balozi wao aliye karibu na mgonjwa, yeye akamkatia tiketi, na wanawake wakaanza kufika. Daktari alikuwepo, kitanda kilikuwepo, kilichokosekana ni tiketi. Kutoka Lindi mpaka Dar ni kama kilomita 450 na huyo mama anasafiri analowa, anaogopa hata kukaa karibu na mtu. Kama kuna mwanamke mtaani kwenu anaishi hivyo, mama yenu lazima alimjua, nyinyi watoto wake mnamjua pia. Anzeni na huyo.

Na wajawazito wote wa mtaani waelezeni namba 115, ni ya m-mama, unapiga bure, ikitokea dharura ya mjamzito au mtoto mchanga wanatafuta gari. Hiyo kusambaza haihitaji hata shilingi.

Dada mi nauliza kwa nia njema. Wanapita mtaani kugawa vidonge vya matende na mabusha, wanatupima urefu kwa mti uliochorwa alama ndo wanajua upewe vingapi, tunaambiwa vimetolewa bure na makampuni ya nje. Kampuni gani ya biashara inatoa mamilioni ya vidonge bure? Mume wangu hataki kumeza, anasema ni dawa zilizowadodea. Na hao wafadhili si tumesikia wamejitoa? – Mama wa watoto watatu, Mikindani

Mume wako usimcheke, swali lake ni la mtu anayefikiri na nimetoka kusema hapo juu kwamba kuna misaada ya dawa ambayo ilikuwa takataka kweli. Hii sio hiyo.

Vidonge hivyo ni viwili. Kimoja ni ivermectin, jina lake la kampuni Mectizan, kilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Japani, na wanasayansi wawili walioianzisha, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Nobel 2015. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza itaitoa bure kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni, kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote itakapohitajika, maana wenye ugonjwa walikuwa maskini wasiokuwa na uwezo wa kununua hata kidonge kimoja. Mwaka 1998 wakaongeza matende na mabusha. Kingine ni albendazole, kinatolewa na GSK ya Uingereza, nao waliahidi 1998. Vinatengenezwa kwa kazi hii, vinakuja kwa kuombwa na serikali kulingana na idadi ya watu, havikutoka rafu ya duka lililofungwa. Kwanini kampuni ikubali? Sifa inapata, ndio, lakini mtu wa Mikindani asiyepata matende kwa ajili ya sifa ya mtu mwingine mi sioni alichopoteza.

Ule mti ni kwasababu kipimo cha ivermectin kinafuata ukubwa wa mwili na mizani haibebeki nyumba kwa nyumba, urefu unatosha kukadiria. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na mgonjwa mahututi hawapewi. Mle kwanza ndo mmeze. Mtu akisikia kizunguzungu, kuwashwa au homa kidogo, mara nyingi ni vile vijidudu vinakufa mwilini, mwenye vingi ndo anasikia zaidi, ikizidi aende zahanati.

Ila mumeo kama tayari ana busha, na samahani kwa kulisema wazi ila wanaume wetu wa pwani wanalificha mno, kidonge hakiliondoi. Kinazuia vijidudu visisambae kwa mbu kwenda kwa watoto wako, busha lenyewe ni upasuaji, na kambi za upasuaji huwa zinafanyika mikoa yetu. Aulizie hospitali, aende na rafiki yake kama anaona aibu.

Kuhusu wafadhili kujitoa, Marekani ilisimamisha misaada Januari 2025 na shughuli za USAID zikafungwa Julai 1 mwaka huohuo. Kidonge chenyewe kinatoka kwa kampuni, lakini kukisafirisha mpaka mtaani, kufundisha wagawaji, posho zao na kwenda kupima damu za watu kuona kama ugonjwa umepungua, kwa sehemu kubwa kulikuwa kunalipwa na wafadhili, na Marekani ilikuwa mlipaji mkubwa kwa nchi nyingi. Hapo ndo pa kuwauliza madiwani na wabunge wetu, maana viongozi wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya, na ahadi ile mpaka leo nchi nyingi hazijaifikia. Bajeti ya halmashauri inapitishwa na madiwani tunaowapigia kura, sio na mtu aliyeko Washington.

Dada, kila siku kwenye magrupu inatumwa picha ya mtoto mgonjwa na namba ya kutuma mchango. Najuaje ya kweli? – Kijana, Kilwa Masoko

Uliza hospitali gani na wodi gani. Wa kweli atakujibu palepale, tapeli atakuletea hadithi ndefu. Kisha piga simu ya hospitali yenyewe uombe ofisi ya ustawi wa jamii, hawatakupa siri za ugonjwa wa mtoto lakini wanaweza kuongea na mzazi wake na kukuambia mchango upitie wapi. Kama ni deni la matibabu kwenye hospitali ya serikali omba kontroo namba ulipe moja kwa moja, ya kula na nauli ndo umtumie mzazi. Na usiisambaze ile picha ya mtoto akiwa amevuliwa nguo, hata kama habari ni ya kweli, mtoto huyo atapona na atakuwa mkubwa.

Halafu kijana kama wewe una kitu kingine cha kutoa ambacho hakuna anayeweza kukitapeli. Damu. Mchangiaji awe na miaka 18 mpaka 65 na uzito usiopungua kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mpango wa Taifa wa Damu Salama wana kituo cha kanda pale Mtwara, na hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe itakuelekeza siku za kuchangia. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua anaweza kuisha ndani ya saa mbili, chupa yako inatakiwa iwe imeshapimwa na iko kwenye jokofu kabla yeye hajaingia leba.